Tarumbeta Halilii Peke Yake

Katika wilaya za Nebbi, Zombo na Arua, magharibi mwa Mto Nile nchini Uganda, kuna tarumbeta ambalo mtu mmoja hawezi kulipigia wimbo. Linaitwa agwara. Ni tarumbeta la ubavuni: tundu la kupulizia limetobolewa pembeni, kama ilivyo kwenye siwa za Lamu na Pate. Kila agwara hutoa sauti moja au mbili tu. Kundi zima huwa na matarumbeta ya urefu mbalimbali, makubwa yakinguruma chini na madogo yakilia juu, na wapulizaji hupokezana kwa kasi: huyu anaingia, yule anatoka, wa tatu anaziba pengo lililoachwa. Aliyesimama ng'ambo ya bonde husikia wimbo mmoja kamili, ingawa katika ngoma ile hakuna hata mtu mmoja aliyeupiga wote.

Walugbara, wenyeji wa eneo hilohilo, wana jambo jingine linaloelekea upande wa pili. Ni cere, mwito mrefu wa sauti ya juu ambao kila mtu ana wake. John Middleton, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti miongoni mwao kuanzia 1949 hadi 1952, aliueleza katika maandishi yake. Mtu akipiga mwito huo njiani au kwenye ngoma, aliye mbali hahitaji kumwona ndipo amjue. Sauti yake imeshamtaja.

Katika agwara, wimbo ni wa wote na hauna mwenyewe. Katika cere, sauti ni ya mtu mmoja na haiazimwi. Sura hii inahusu aina ya muziki inayodai yote mawili kwa pamoja, yaani jazi huru, na mpiga tarumbeta aliyetumia karibu miaka 40 akiyatafuta: Don Cherry, Mmarekani aliyezaliwa Oklahoma City tarehe 18 Novemba 1936 na kufariki Málaga, Hispania, tarehe 19 Oktoba 1995. Ninamweleza kupitia watu aliopiga nao, kwa sababu ninaamini hakuna njia nyingine ya kumwelewa.

Jazi huru ni nini

Tutofautishe kwanza. Tabora Jazz, Western Jazz, NUTA Jazz na Morogoro Jazz zilikuwa bendi za dansi za Tanzania, na utukufu wao ulikuwa gitaa, sauti za waimbaji na miguu ya watu ukumbini. Jazi tunayoizungumzia hapa ni ile iliyokua miongoni mwa Wamarekani Weusi tangu mwanzo wa karne ya 20, ambayo kiini chake ni mpigaji kutunga papo hapo, mbele ya wasikilizaji.

Hadi miaka ya 1950 utungaji huo ulikuwa na reli zake. Wimbo ulikuwa na mfuatano wa kodi, yaani makundi ya sauti zinazolia pamoja, na mfuatano huo ulizunguka na kurudi mwanzo, mara nyingi kila baada ya mapigo ya hesabu maalumu. Piano iliutangaza. Mpiga tarumbeta alipopata zamu yake ya solo alitunga apendavyo, lakini kila noti yake ilipimwa kwa kodi iliyokuwa ikipita chini yake wakati huo. Mabingwa wa kizazi cha Charlie Parker na Dizzy Gillespie waliongeza kodi na kasi hadi solo ikawa mtihani mgumu wa akili na vidole.

Mpiga saksafoni Ornette Coleman, mzaliwa wa Fort Worth, Texas, aliuliza swali rahisi: kwa nini wimbo wangu uzunguke wakati hisia yangu haizunguki? Akaiondoa piano. Besi ikawa huru kufuata njia ambayo mpiga solo anaifungua, badala ya kumwonyesha njia iliyokwisha kuchorwa. Noti iliweza kupinda, sentensi ya muziki ikaweza kuwa ndefu au fupi, na solo ikaisha pale mpigaji alipomaliza alichokuwa nacho.

Wengi walidhani sheria zimekufa. Hazikufa. Fikiria mashabiki waliokuwa wakiujaza uwanja wa Green Light mjini Arua kuitazama timu ya soka ya Onduparaka FC. Mchezo una mipaka, una refa, na kila mchezaji ana nafasi yake, lakini hakuna aliyeandika kabla ya mechi kwamba dakika ya 23 mpira utoke kwa wa tatu kwenda kwa wa nane. Pasi inatokana na jicho la mwenye mpira na mbio za asiye na mpira. Jazi huru imeweka sikio mahali pa jicho. Kilichoondolewa ni ramani ya safari, na wajibu wa kumsikiliza mwenzako umeongezeka maradufu, maana sasa hakuna kodi za kukuokoa ukipotea.

Bomba la mita moja na nusu

Tarumbeta la kisasa halitoi sauti lenyewe. Midomo ya mpigaji hutetemeka, na hewa iliyo ndani ya bomba hujibu. Kila urefu wa bomba una ngazi yake ya sauti, na mpigaji hupanda ngazi hiyo kwa kukaza midomo. Vitufe vitatu hufungua vipande vya ziada vya bomba: cha pili hushusha sauti nusu hatua, cha kwanza hatua nzima, cha tatu hatua moja na nusu. Kwa kuvichanganya, mpigaji anapata sauti zote anazohitaji. Agwara haina vitufe, ndiyo maana hubaki na sauti moja au mbili, na ndiyo maana inahitaji wenzake.

Cherry alijulikana kwa tarumbeta la mfukoni, chombo kidogo ambacho ukikiona utadhani ni cha mtoto. Bomba lake lina urefu uleule wa tarumbeta la kawaida, karibu mita moja na nusu, ila limekunjwa mara nyingi zaidi. Kwa hiyo sauti hazipandi. Kinachobadilika ni rangi: mlio unakuwa mwembamba, wa karibu, wenye mpasuko kidogo. Tarumbeta la jazi lilikuwa limezoea kung'aa kama la gwaride. La Cherry lilizungumza. Lilisita, likaharakisha, likakata neno katikati na kulimalizia mahali pengine. Baadhi ya wanamuziki wakubwa wa wakati ule walisema hajui kupiga. Ukweli ni kwamba alikuwa ameshapata cere yake: sekunde tatu za santuri zinatosha kumtambua.

Kujifunza kwa Ornette

Familia ya Cherry ilihamia Los Angeles alipokuwa mdogo, akakulia mtaa wa Watts. Huko alikutana na mpiga ngoma Billy Higgins wangali vijana, na katikati ya miaka ya 1950 wote wawili wakamfikia Coleman. Mwaka 1958 walirekodi albamu ya kwanza ya Coleman, *Something Else!!!!*. Mwezi Mei 1959 wakarekodi *The Shape of Jazz to Come* wakiwa wanne: Coleman, Cherry, Higgins, na Charlie Haden kwenye besi.

Novemba 1959 walifungua katika klabu ya Five Spot, New York, Cherry akiwa anatimiza miaka 23. Mkataba wa wiki mbili ukarefushwa, na mji mzima wa wanamuziki ukagawanyika. Wako waliokuja kila usiku kusikiliza, na wako waliotoka kwa hasira.

Sikiliza wimbo wa "Lonely Woman" kutoka albamu hiyo ya 1959 na utaelewa kazi ya tarumbeta. Ngoma inakimbia, besi inatembea polepole, na juu yake saksafoni na tarumbeta vinaimba wimbo mmoja kwa pamoja. Lakini umoja huo haukunyooshwa kwa rula. Cherry yuko karibu mno na Coleman, pumzi kwa pumzi, na hata hivyo unasikia watu wawili. Huwezi kuandika kwenye karatasi jinsi wanavyoachana kidogo na kukutana tena. Ni jambo linalotokana na kukaa na mtu muda mrefu hadi ujue atavuta hewa lini.

Watu wanane, dakika 37

Tarehe 21 Desemba 1960 Coleman aliingiza vikundi viwili vya watu wanne studioni New York, vipige kwa wakati mmoja. Kwenye spika ya kushoto walikuwepo yeye, Cherry, mpiga besi Scott LaFaro na Higgins. Kulia walikuwa Eric Dolphy na klarineti yake ya besi, Freddie Hubbard na tarumbeta, Haden, na mpiga ngoma Ed Blackwell wa New Orleans. Walipiga takriban dakika 37 bila kusimama. Albamu ikaitwa *Free Jazz*, na jina hilo likaushika muziki wote wa aina hiyo.

Albamu hii ni darasa kwa anayetaka kujua tarumbeta, kwa kuwa inayaweka mawili bega kwa bega. Hubbard anapopata zamu, unasikia bingwa aliyelelewa na kodi: sentensi ndefu, noti nene, ufundi uliokomaa. Hata palipokosekana kodi, yeye alizibeba kichwani. Cherry anatupa vipande vifupi, anangoja wengine wajibu, kisha anarudi na kitu alichopewa na majibu yao. Hubbard anahutubia. Cherry anauliza.

Mwezi mmoja kabla, Novemba 1960, Hubbard huyohuyo alikuwa miongoni mwa wapiga tarumbeta wa *Uhuru Afrika*, kazi kubwa ya mpiga piano Randy Weston. Maneno yake yaliandikwa na mshairi Langston Hughes, na Mtanganyika Tuntemeke Sanga akayasema kwa Kiswahili. Kwa hiyo katika majuma machache ya mwisho wa mwaka uleule ambao nchi nyingi za Afrika zilipandisha bendera, neno uhuru lilisikika katika studio za New York kwa Kiswahili, na wazo la uhuru likajaribiwa kwa sauti tupu. Weston alilitangaza kwa maneno na bendi kubwa iliyopangwa. Coleman na wenzake waliliweka ndani ya namna yenyewe ya kupiga. Sioni kwamba moja ni la kweli kuliko jingine.

Kutoka mkononi mwa mwalimu

Msaidizi wa mtu mashuhuri ana hatari ya kubaki msaidizi. Cherry alitoka kwa kubadili wenza. Mwaka 1960 alirekodi na mpiga saksafoni John Coltrane albamu iliyotolewa 1966 kwa jina la *The Avant-Garde*. Mwaka 1962 akajiunga na Sonny Rollins, bingwa wa saksafoni wa kizazi kilichotangulia, wakarekodi *Our Man in Jazz*. Mwaka 1963 aliunda New York Contemporary Five pamoja na Archie Shepp na John Tchicai, mpiga saksafoni aliyezaliwa Copenhagen kwa mama Mdenmaki na baba Mkongo. Mwaka 1964 alizunguka Ulaya na Albert Ayler, mtu aliyepuliza saksafoni kama anayelia msibani na kushangilia harusini kwa pumzi moja.

Angalia walivyotofautiana. Rollins alipenda kuchezea wimbo unaojulikana na kuugeuza hadi uchoke. Ayler alianza na wimbo mwepesi kama wa watoto, kisha akaulipua. Cherry hakupiga namna moja kwa wote wawili. Kwa Rollins alikuwa mchokozi, akimtupia vipande ili amvute nje ya njia. Kwa Ayler alikuwa mtulivu, mstari mwembamba ulioonyesha ukubwa wa moto uliokuwa pembeni. Sauti yake haikubadilika. Alibadilisha kazi aliyoipa sauti hiyo.

Mwaka 1965 akiwa Paris aliunda kikundi chake mwenyewe: Gato Barbieri wa Argentina kwenye saksafoni, Karl Berger wa Ujerumani kwenye vibrafoni, pamoja na wapigaji wa Ulaya kwenye besi na ngoma. Berger amesimulia jinsi Cherry alivyokuwa akisikiliza redio ya masafa mafupi, akadaka nyimbo za nchi mbalimbali na kuzileta kazini. Kwa sisi ambao wazazi wetu walizungusha kitufe cha redio usiku wakitafuta dunia, jambo hilo halihitaji kuelezwa.

Tarehe 24 Desemba 1965, akiwa na Barbieri, mpiga besi Henry Grimes na Blackwell, alirekodi *Complete Communion*. Kila upande wa santuri ni safari moja isiyokatika yenye nyimbo kadhaa ndani yake. Siri iko kwenye kuvuka kutoka wimbo hadi wimbo. Katikati ya solo, Cherry anapiga kipande kidogo cha wimbo unaofuata. Wenzake wanakisikia na wote wanahamia huko mara moja. Wimbo wa zamani unaweza kurudishwa pia, wakati wowote, na yeyote anayeona unafaa. Waimbaji wa ngoma zetu wanalijua jambo hili: kiongozi hutoa neno, waitikiaji hujua mahali pa kwenda. Cherry aliupa mwito huo kazi ya kujenga jengo refu la dakika 20.

Wawili, kisha watatu

Agosti 1969, tena Paris, Cherry na Blackwell walirekodi *Mu* wakiwa wawili tu. Ni tarumbeta na ngoma, pamoja na filimbi, piano kidogo, kengele na sauti ya mtu. Blackwell alikuwa ametembea Afrika na Randy Weston mwaka 1967, na mikono yake ilikuwa tayari ina midundo ya New Orleans inayoitikiana kama ngoma za kwetu. Hapa unajifunza kwamba nafasi tupu nayo ni sauti. Hakuna besi ya kujaza chini, basi kila tarumbeta linaponyamaza, ngoma inakuwa wimbo.

Mwaka 1970 Cherry na mkewe Moki, msanii wa vitambaa, walinunua jengo la shule ya zamani huko Tågarp, kusini mwa Sweden. Walilifanya nyumba na mahali pa kufundishia. Moki alishona mabango makubwa ya rangi yaliyotundikwa nyuma ya jukwaa, na watoto walikaribishwa kuimba. Huko Ulaya Cherry alimpata Johnny Dyani, mpiga besi wa Blue Notes, bendi iliyoikimbia Afrika Kusini ya ubaguzi mwaka 1964, na Okay Temiz, mpiga ngoma kutoka Uturuki. Watatu hao walipiga mwaka 1971 muziki ambao haukuwa wa Marekani, wala wa Xhosa, wala wa Anatolia, ingawa wote watatu walikuwa wamebeba nyumba zao.

Mwaka 1972 Dyani na Temiz hao hao walirekodi Stockholm na mpiga tarumbeta mwingine: Mongezi Feza, mzaliwa wa Queenstown, Afrika Kusini, mwenzake Dyani katika Blue Notes. Feza naye alipiga tarumbeta la mfukoni. Besi ileile, ngoma zilezile, chombo cha aina ileile, na bado muziki ni mwingine kabisa. Cherry aliacha mianya na kuzunguka. Feza alipaa moja kwa moja, mkali, mwenye furaha inayouma. Alifariki London Desemba 1975 kwa nimonia, akiwa na miaka 30, na siku chache baadaye wenzake wa Blue Notes waliingia studioni kumpigia maombolezo. Ukitaka hoja ya sura hii kwa kifupi, weka rekodi hizi mbili pamoja. Wenza huamua mengi, lakini hawawezi kukupa sauti. Uje nayo.

Codona, na kurudi nyumbani

Kuanzia 1978 hadi 1982 Cherry alirekodi albamu tatu na Collin Walcott, Mmarekani aliyepiga sitar na tabla za India, na Naná Vasconcelos wa Brazili, bingwa wa ala ya huko iitwayo berimbau. Walijiita Codona, kwa herufi mbili za mwanzo za kila jina. Hapa Cherry mara nyingi anaweka tarumbeta chini na kuchukua donso ngoni, kinubi cha wawindaji wa Mali, chenye nyuzi chache na kibuyu kikubwa. Mpiga adungu, kinubi cha Waalur, angeelewa haraka anachofanya: kipande kifupi kinarudiwa, kinabadilishwa kidogo sana, hadi msikilizaji aache kungoja na aanze kukaa ndani yake.

Wakati huohuo hakuvunja undugu wa zamani. Tangu 1976 alipiga katika Old and New Dreams pamoja na Haden, Blackwell na mpiga saksafoni Dewey Redman, wote waliopitia kwa Coleman. Maisha yake hayakukosa jeraha, kwani alipambana na heroini kwa miaka mingi. Lakini orodha ya waliomwita kazini haikupungua, kuanzia Abdullah Ibrahim wa Cape Town hadi mwanamuziki wa roki Lou Reed.

Jinsi ya kusikiliza, na jinsi ya kuanza

Usianze na *Free Jazz*. Anza na "Lonely Woman", usikilize saksafoni na tarumbeta zinavyoshikana. Kisha *Complete Communion*, ukitafuta ile alama fupi inayowahamisha wote. Kisha *Mu*, ukisikiliza kimya. Baada ya hapo rudi kwenye *Free Jazz*, kwa spika mbili, na umfuate mtu mmoja tu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mara ya pili mfuate mwingine. Kelele itageuka mazungumzo.

Kwa kijana wa Onduparaka, Arua au Koboko anayepiga tarumbeta katika bendi ya shule, ya kanisa au ya polisi, ushauri wangu ni kutafuta wapulizaji wa agwara waliobaki karibu naye na kuomba kusimama kati yao, na chombo chake cha vitufe mkononi, kwa sharti kwamba apige noti mbili tu. Vidole vitataka kukimbia. Avizuie. Ajifunze kuingia palipoachwa wazi na kutoka kabla hajasukumwa. Akishaweza hivyo, awakusanye wenzake watatu, wachague wimbo mfupi wanaoujua wote, waupige mara moja, kisha wauache. Yeyote anaruhusiwa kuurudisha wakati wowote, na akiurudisha, wote wamfuate. Kanuni ya pili ni hii: usipige kitu ambacho kingekuwa kilekile kama wenzako wasingekuwepo.

Kanuni hiyo ni ngumu kuliko mfuatano wowote wa kodi, na Cherry aliishughulikia maisha yake yote. Anzeni na dakika tano. Mkizimaliza bila mtu kupotea wala kuburuza wenzake, ongezeni nyingine tano.